Kabla Nansalmaa Hajaenda Erdenet

Jumatatu, 5 Agosti. Kwenye vilima vya mchanga.

Leo nimeapa. Kabla safari hii haijaisha nitamwomba Nansalmaa anioe. Hapana, mimi ndiye nimwoe. Umeona? Hata kwenye shajara naharibu!

Ni safari yake ya mwisho. Miaka yote hii mimi kiongozi wa wageni, yeye mpishi, Damba dereva. Sasa basi. Tukifika Ziwa Jeupe mkwewe anakuja kumchukua, akakae mjini Erdenet kwa binti yake alee wajukuu ghorofani. Nansalmaa ghorofani! Mwanamke aliyekamua farasi wa ushirika mzima, leo awe mtu wa kusubiri lifti.

Mpango wa leo ulikuwa wa viti. Kiongozi hukaa mbele na dereva, mpishi hukaa nyuma kabisa na masufuria yake. Kwa hiyo nimemwomba Torhild, daktari wa meno mstaafu kutoka Norwe, akubali kiti changu cha mbele kwa heshima ya umri. Amefurahi hadi mashavu yakamwiva. Mimi huyo, nikajipenyeza nyuma. Safi kabisa! Kumbe kati yangu na Nansalmaa kuna gunia la viazi, na halihami. Kutwa nzima nimezungumza na viazi. Nikamwomba Damba alipandishe juu ya gari. Akasema viazi vikikaa juani vinakuwa kijani, "kama wewe, kaka, ulivyo sasa." Kweli nilikuwa kijani, maana kiti cha nyuma kinarusha. Gari zima likacheka, hata Wanorwe wasiojua neno la kwetu.

Huyu Damba simwelewi. Kila sambusa ya Nansalmaa anaisifia, kisha anaongeza nyingine. Mwanamume hasifii hivyo bure.

Jumanne, 6 Agosti. Kisima Chekundu.

Leo nilicheza karata kubwa. Niliwaambia wageni kwamba njiani kuna kisima cha kihistoria, lazima tukione. Si uongo. Ni cha kihistoria kwangu mimi.

Mwaka themanini na tano nilikuwa mwonyesha sinema wa ushirika. Lori, mashine ya picha, shuka nyeupe. Watu walikuja hapa kisimani kutoka kila upande, wengine wakatazama bila hata kushuka farasi. Filamu ilikuwa moja, na ilikatika kila mara palepale, jamaa anapotaka kumfumania mkewe. Nilipokuwa nahangaika kuiunga, msichana mmoja mkamuaji alisimama akaimalizia kwa mdomo. Kila jioni mwisho mpya. Watu wakacheka hadi farasi wakashtuka. Baadaye wakaanza kunisihi nisiiunge filamu. Ewe ujana! Nikifumba macho naisikia harufu ya majani ya pakanga yaliyokanyagwa na kwato.

Nilitaka kumwambia tangu hapo. Ila niliona kwanza nipate kofia mpya, mambo yawe na heshima. Nikaagiza mjini. Kofia ilifika vuli. Daktari wa mifugo alikuwa amefika kabla yake, akamwoa. Marehemu alikuwa mtu mwema sana, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Basi tumefika kisimani. Nini? Ngamia! Ngamia mpaka upeo wa macho, na mchungaji mmoja tu na ndoo yake. Mtu hapiti mifugo yenye kiu akaenda zake, sisi si watu wa hivyo. Nikavua koti. Nikateka maji, wageni wakateka maji, viganja vikachubuka. Nikageuka, namwona Damba kivulini mwa gari na Nansalmaa, wanamenya karoti, wanacheka. Nilipouliza kwa nini hasaidii, alisema yeye analinda wageni wasiibiwe. Waibiwe na ngamia?

Lakini kuna hili. Wageni walipokuwa wakipiga picha, Nansalmaa alikuja na kikombe cha chai ya chumvi. Akakaa ukingoni karibu yangu. Akatazama pale shuka ilipokuwa ikitundikwa. Akasema taratibu kwamba katika miisho yote ile aliyobuni, kuna mmoja hakuwahi kuusimulia. Kisha akanitazama.

Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimelowa, nanuka ngamia, na mpango wangu ulikuwa wa jioni, baada ya chakula, nikiwa na shati safi. Nikamwambia chai imekolea. Akachukua kikombe chake.

Jioni mvua ikanyesha. Kila mtu kalala mapema.

Alhamisi, 8 Agosti. Nyikani.

Majani mabichi mpaka mbinguni. Hapa ndipo nilipozaliwa, na kila nikifika hapa najiona kijana. Ndilo tatizo.

Nilikumbuka Nansalmaa alivyokuwa akiniangalia nikipanda farasi. Nikaazima mmoja kwa familia iliyopiga mahema karibu na barabara, wa kijivu, mzuri. Mpango: gari likipita, mimi nitokee kilimani kwa mbio, upepo kifuani, nikimbie sambamba na dirisha la nyuma. Basi. Hakuna neno la kuongeza.

Nilitokea. Namshukuru Mungu nilionekana! Nansalmaa alishusha kioo, akapunga mkono, nikamwona anacheka kama zamani. Kitambo kidogo tu. Farasi naye akasikia mwenzake analia upande wa mahema yao. Akageuka. Nikavuta hatamu, wapi! Nikamsemesha, nikamtukana, nikambembeleza. Alinirudisha hadi kwenye kamba aliyofunguliwa, akasimama, akaanza kula.

Mwenye farasi alitoka akaniuliza mbona nimerudi mapema. Nikasema nimesahau kuaga vizuri. Basi ikabidi niingie, nikae mahali pa mgeni, ninywe bakuli la airag, pombe yetu ya maziwa ya farasi, na la pili, maana kukataa ni kutukana nyumba. Damba alipokuja kunichukua nilikuwa nimeshaimba.

Njia nzima amenitania. Kaka mpanda farasi! Kaka, huyo farasi ndiye kiongozi, wewe mgeni! Nansalmaa hakunitania. Alitoa sindano akanishonea suruali iliyochanika, nikiwa ndani yake, na akasema nisitikisike. Sikutikisika. Mtu unaposaje ukiwa umeshonwa nusu?

Jumamosi, 10 Agosti. Ziwa Jeupe.

Nimekwisha. Acha niandike yote.

Ziwa lilikuwa limetulia, yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, wamesimama majini hadi magotini. Kesho mkwe anafika. Kwa hiyo leo ndiyo leo. Asubuhi nilimwambia Nansalmaa alete chupa ya chai ufukweni alasiri, nyuma ya kilima kidogo, nina neno naye. Akasema sawa. Alisema sawa na akaenda kusuka nywele!

Hofu yangu ikawa watu. Kambi imejaa, watoto wanazurura, Damba yuko kila mahali. Ndipo nikapata wazo la wazee wetu. Nikaazima uurga, ule mti mrefu wenye kitanzi wa kukamatia farasi, nikausimika wima mchangani. Hapa kwetu uurga ukisimama wima nyikani, hata mlevi anajua: hapo pana wawili wana yao, pita mbali. Nikakaa chini yake nikanyoosha kola.

Kweli wenyeji wote walipita mbali. Wachungaji walizungusha kundi zima. Damba alichungulia, akashika kofia yake, akatoweka. Nilijipongeza.

Lakini nani atamweleza Mnorwe? Torhild alikuja moja kwa moja na kiti chake cha kukunja na darubini. Alidhani uurga ni alama ya mahali pa kutazamia ndege! Akakaa bega kwa bega nami. Nikamwambia hapa pana upepo. Akanipa nusu ya shali yake, akanifunika.

Na hapo ndipo Nansalmaa alipotokea kilimani. Nywele zimesukwa, chupa ya chai mkononi. Akaona uurga. Akaona vichwa viwili, shali moja. Mtu aliyelelewa vizuri hafiki hatua moja zaidi. Aligeuka, akashuka alikotoka. Nikainuka kumwita, Torhild akanivuta mkono: nyamaza, bata-bukini!

Nikakaa. Nilikaa, mimi mjinga! Eti nisimkosee mgeni.

Niliporudi kambini wanaume walinipa tumbaku ya kunusa kwa pongezi. Bibi mwenye kambi aliniuliza kama huko Norwe malisho yanatosha. Nansalmaa alinipakulia supu, sehemu kubwa yenye mafuta, akaniambia, "Hongera, Tserenpil." Hakucheka. Sikuimeza.

Jumapili, 11 Agosti. Bado Ziwa Jeupe.

Amekwenda.

Mkwe alifika asubuhi na gari dogo. Nilimbebea Nansalmaa masanduku. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, uurga, darubini, bata-bukini, kwamba ule uurga niliusimika kwa ajili yake yeye. Alinikodolea macho. Kisha akacheka! Alicheka hadi akaegemea gari, machozi yakamtoka, na sikujua ni ya kicheko tu au vipi. Akajifuta kwa mkono wa nguo.

Akasema: basi sasa hapa hakuna uurga. Hakuna ndege. Hakuna ngamia. "Ulikuwa na neno. Liseme."

Alinisubiri. Uso wake ulikuwa uleule wa kisimani. Nilijiona nina miaka ishirini, na nilimpenda hadi kifua kikaniuma.

Lakini tazama mahali penyewe! Moshi wa gari. Mkwe anabonyeza honi. Mimi sijanyoa. Neno kama hilo ulikalie miaka thelathini na kitu, kisha ulitupe kando ya tairi? Haiwezekani. Nikamwambia afunge dirisha, njia ina vumbi.

Alinitazama kidogo. Akasema, "Haya, baba." Akafunga dirisha.

Desturi ya kumrushia msafiri maziwa ya kumtakia heri ni ya wanawake, na kila safari yeye ndiye aliyerusha. Leo nimechukua upawa mimi. Nimerusha maziwa nyuma ya gari lake mpaka lilipopotea, halafu nikarusha tena. Torhild aliniwekea mkono begani.

Jumatatu, 12 Agosti. Njiani kurudi.

Tumekula mkate mkavu. Damba kaushika mkononi muda mrefu bila kuuma. Kisha akaniambia, kaka, mimi nina mke, kama hukujua. Nilikuwa naupenda upishi tu. Na yule mama amekungoja hadi sambusa zikapoa.

Juu ya kilima mtandao ulipatikana. Damba akatoa simu yake, akabonyeza, akanipachika sikioni. Ikaita. Halafu sauti ya Nansalmaa, karibu kabisa: "Haloo?" Sikusema. Kisha akasema, kwa upole, "Tserenpil?" Simu ya Damba, na bado alijua ni mimi!

Nikakata. Sikuwa nimejiandaa.

Damba aliniambia maneno ambayo sitayaandika. Lakini haelewi mambo haya. Nimekaa hapa nyuma, penye nafasi tele sasa, na nimeshalipata kosa langu: majira. Majira ya joto yana vurugu, wageni, ndege. Nitangoja Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya, theluji imetanda, watu wote wako nyumbani na milango iko wazi. Nitaingia Erdenet juu ya ngamia mweupe, nimevaa deli ya hariri, joho letu la sikukuu, nisimame chini ya ghorofa yake mpaka atoke dirishani. Hapo hatakuwa na la kusema ila ndiyo.

Kilichobaki ni kupata ngamia mtulivu.