Kamba ya Kwenda Chooni

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeanguka bafuni. Hapana, niandike vizuri: nimekaa chini bila kupanga. Jirani yangu Masele alisikia kishindo, akampigia binti yangu Hosiana kabla hata sijaona sabuni ilikokimbilia. Mmbeya mkubwa! Hosiana kafoka kutoka Ushirombo. Mhudumu wa afya atakuja kunikagua, na akisema siwezi kuishi peke yangu, Jumamosi Hosiana ananifuata na gari.

Ushirombo! Mkwe wangu Eliya ni katekista. Kwake ni sala kabla ya uji, sala baada ya uji, na uji wenyewe hauna sukari. Nyumba hii ya Kambarage, hapa Shinyanga mjini, niliijenga kwa dhahabu niliyochimba Rwamgasa. Mama Hosiana alifia chumba hikihiki. Sitoki.

Jumanne, 4 Machi

Mhudumu kaja. Anaitwa Zipora. Umri wa mjukuu wangu, shikamoo ya adabu, macho ya polisi. Kapima presha, kakagua choo, kaviringisha zulia la sebuleni akisema ni mtego. Anataka kuleta fundi afunge vyuma vya kushikilia. Anataka pia nitumie fremu ya kutembelea, kama Masele!

Mimi? Niliyekuwa nashuka duarani, shimo refu kuliko mnara wa kanisa, kwa kamba tu? Nilimjibu hivyohivyo. Akauliza kwa upole kama huko duarani nilikuwa nashika kitu. Nikasema kamba, bila shaka. Akasema basi na hapa nishike kitu. Keshokutwa atarudi, kisha atampigia Hosiana.

Zipora kanipa wazo bila kujua.

Jumatano, 5 Machi

Kazi! Nimepata matimba, magogo kama yale ya kuzuia duara lisibomoke. Nimeyachimbia uani kwa mstari. Kamba ya manila nimeifunga kitandani, ikapita sebuleni, ikatoka mlangoni, gogo hadi gogo, mpaka choo cha nje. Nyonga inauma, lakini moyo unacheka. Hakuna mzee mwenye kitu kama hiki Shinyanga nzima.

Masele kaja na fremu yake, kok kok kok, kachungulia. Kauliza kama nimeanza kufuga ng'ombe. Halafu akajifanya mtaalamu: duarani hashuki mtu bila mwenzake wa kushika kamba juu, sasa yangu anaishika nani? Huyu alichimba msimu mmoja tu akarudi kwao na mafua! Nilimwambia kamba yangu haihitaji mtu. Wivu mtupu.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu. Aibu. Aibu.

Alfajiri ilinyesha mvua. Jua lilipotoka, mke wa Masele akaona kamba ndefu, akaanika mablanketi yote ya kwao. Nikamwacha. Zipora aone ilivyo imara!

Kafika. Nikatoka kitandani na kamba yangu, kifua mbele, nikavuka sebule kama bwana harusi. Uani nikapiga hatua kadhaa. Matimba yakaanza kuniinamia, moja baada ya jingine, kwa heshima kabisa. Udongo ulikuwa uji. Nikaenda chini, kamba ikanifuata, mablanketi yakanifunika. Nilimsikia Masele akicheka mpaka akakohoa.

Zipora hakucheka. Alifunua blanketi, akaleta kiti, akanifundisha kuinuka: lala ubavu, piga magoti, shika kiti, pumzika, ndipo simama. Nikasimama mwenyewe. Lakini kiti sikukiachia. Nikamwambia ukweli, mara ya kwanza wiki hii: naogopa kuanguka, ila naogopa zaidi kuondoka hapa. Machozi yalinitoka. Nasingizia sabuni ya mablanketi.

Alimpigia Hosiana palepale. Akamwambia naweza kubaki, kwa masharti: vyuma, fremu, na mtu wa kunichungulia kila asubuhi. Mtu huyo ni nani? Masele! Kajitolea kabla sijapinga.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi na mapema Masele kanisalimia Kisukuma dirishani: "Mwangaluka, Baba Hosiana! Umekufa?" Nilimjibu bado, arudi kesho.

Fundi kafunga vyuma. Nimeenda chooni mara nyingi kuliko haja yenyewe, kuvijaribu tu. Ni vizuri. Zipora asijue nimesema.

Jumamosi, 8 Machi

Hosiana kaja na gari. Katikisa kila chuma, kanitazama nikitembea na fremu, kalia kidogo, kapika kuku, kaondoka. Bila mimi! Nimebaki kwangu. Nilikaa kitandani nikamwambia marehemu mke wangu kwamba tumeshinda. Sasa sibanduki hapa mpaka nibebwe.

Jumapili, 9 Machi

Masele kaja kunichungulia na habari moto: dhahabu imelipuka, machimbo mapya nyuma ya Rwamgasa! Watu wanamiminika. Tunaondoka kesho na basi la kwanza. Fremu zinakunjika, zitaingia chini ya viti. Mke wa Masele anajua tunaenda kliniki. Zipora ataambiwa tumeenda Ushirombo kusali, na Hosiana hataambiwa kitu.

Masele kaweka sharti moja: kwa umri wetu tutakaa juu tu, tushike kamba, vijana washuke. Nimekubali na mkono nimempa. Huwa anasinzia baada ya chakula. Hapo ndipo nitakaposhuka.