Naomba Nirudishiwe "Nzuri" Yangu

SIRI

Kwa Daktari Kiongozi,
Utafiti wa Uanaume, Tumaini na Ustawi wa Wanaume Kazini,
Ukumbi mdogo, juu ya masjala.

Mheshimiwa Daktari,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba kwa unyenyekevu ufunge mlango. Ukishaufunga, hakikisha hakuna mtu nyuma yake. Kila neno la barua hii libaki kati ya macho yako na karatasi, na ukimaliza uichane vipande vidogo, wala usivitupe vyote katika pipa moja. Mimi ni karani wa masjala. Najua karatasi zinavyosafiri.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA TUMAINI

Natumaini u mzima wa afya. (Niwie radhi kwa neno hilo la kwanza. Tayari unayaona madhara.)

Mimi ni mmoja wa wanaume wanaokaa katika duara lako kila Alhamisi alasiri. Huenda hunikumbuki, nami nimefanya juhudi kubwa usinikumbuke. Ni yule kijana mwembamba wa karibu na mlango, mwenye kalamu mbili mfukoni, ambaye zamu yake ya kusema ikifika hushikwa na kikohozi.

Malalamiko yangu yanahusu ile kanuni yako: kwamba ndani ya duara, mwanamume akiulizwa "Habari yako?" asijibu "nzuri", wala "salama", wala "poa", mpaka kwanza aseme jambo moja la kweli. Uliitoa kwa upole, kama mtu anayeomba apishwe mlangoni. Nadhani hukujua unagusa nini. Sisi tumelelewa na "nzuri". Mtu kalazwa, mguu umefungwa plasta hadi kiunoni, ukimsalimu atakujibu, "Nzuri, ila mguu." Nyumba imeungua: "Salama tu, ila nyumba." Hiyo "ila" ndiyo dirisha la kupumulia. Lakini wanaume wa masjala tulikuwa tumeliziba hata hilo. Tulisema "nzuri", tukaweka nukta, tukaendelea kugonga mihuri. Tulikuwa na amani.

Sasa naorodhesha hasara.

1. Ridhaa. Nakiri niliweka saini ya kukubali kushiriki. Niliiweka kwa sababu Mkuu wa Masjala aliiweka kabla yangu, naye aliiweka kwa sababu alidhani ni semina yenye chai. Chai ilikuwepo, sikatai. Kwamba niliinywa na kuongeza, lisichukuliwe kuwa ni kukubali kubadilishwa.

2. Mkuu wa Masjala mwenyewe. Sisi tunamwita Zege, naye asijue. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Wiki yangu ya kwanza nilibanwa kidole na droo ya majalada, nikapiga ukelele. Akaja, akakitazama, akasema, "Kidole ni chako, droo ni ya ofisi. Usiichafue." Alikuwa na msemo: "Mwanaume halalamiki, hulalamikiwa." Nilimwogopa, na hofu ile ilinipa utulivu mkubwa, maana nilijua asubuhi nitaikuta palepale nilipoiacha.

Wiki iliyopita mama mmoja alifika dirishani, akamsalimu kama watu wote wanavyosalimu: "Habari za kazi, baba?" Zege akashusha miwani. Kisha, Daktari, mbele ya foleni nzima, akasema, "Mama, naogopa. Nastaafu mwakani, na sijui nitakuwa nani nikiamka asubuhi."

Mama akaweka mkoba chini. "Pole, baba. Mume wangu naye alianza hivyohivyo."

"Akafanyaje?"

"Alifuga kuku."

"Kuku wanakufa hao!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Afuge bata!"

"Bata wachafu," akasema mwingine. "Mzee wa watu ni nadhifu, hamwoni?"

Dirisha lilisimama hadi saa ya chakula. Hakuna aliyelalamika kucheleweshwa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

3. Dereva wa ofisi. Zamani alikuwa akiniambia, "Karani, umekonda kama antena, hivyo umeoa au umeolewa?" Nami nacheka, naondoka, siku imekwisha. Siku hizi anasema, "Karani, umekonda. Una nini?" Kisha anasubiri. Hakuna kitu cha kuogofya kama dereva aliyezima injini akisubiri jibu. Mbaya zaidi, amekiamini kikohozi changu na ameninunulia dawa. Naimeza kwa aibu. Ni chungu mno, na sasa sina tena kisingizio cha kukohoa.

4. Baba yangu, ambaye hamo katika utafiti wako na anaishi mbali. Mazungumzo yetu ya simu yalikuwa mafupi, yenye heshima: "Upo?" "Nipo, baba." "Haya, mama yako huyu hapa." Jumapili ulimi uliniteleza nikasema, "Habari, baba, lakini ile ya kweli." Nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Magoti yananiuma. Na nyumba hii imekuwa kubwa tangu mlipoondoka. Wewe je?"

Nikajibu, "Nzuri," nikakata simu. Baadaye mama akanipigia: "Umemfanya nini baba yako? Yuko uani anafagia, anaimba." Miaka yote hiyo sikujua kwamba baba huimba. Naomba ifahamike kuwa sikuwa tayari kulijua.

5. Tumaini lenyewe. Hapa nakuomba uutazame tena mlango.

Alhamisi iliyopita ulituuliza kila mmoja anatumaini nini. Zege akasema bata, na uso wake ukawa kama wa mtoto. Mimi nilisema, "Kupandishwa cheo." Ulikuwa uongo. Hata hicho cheo sikitaki, kina mikutano.

Mke wangu ni mjamzito. Mwaka jana pia alikuwa mjamzito. Alikwenda kliniki kusikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto, nami nikakaa kwenye benchi la nje, maana ndani nilidhani ni kwa wanawake. Kila aliyepita alinisalimu, nami nikajibu "nzuri", "nzuri", "nzuri", na wakati huohuo ndani ya chumba muuguzi alikuwa akitafuta mapigo na hayapati. Wanawake walijaa nyumbani kwetu, wakamshika mke wangu, wakalia naye, na ndivyo ilivyopasa. Wanaume walisimama nami uani. Mmoja akanipiga bega: "Jikaze. Wewe ni mwanaume." Nikajikaza. Tangu siku hiyo nimejikaza, na hakuna aliyenionyesha fundo linafunguliwa wapi. Nilirudi kazini kesho yake. Naambiwa wiki ile mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana.

Safari hii nilijiwekea utaratibu: kisichotumainiwa hakipotei. Sijauliza tumbo linaendeleaje. Siku moja mke wangu aliushika mkono wangu auweke juu yake, nikauondoa, nikasema una vumbi la majalada. Utaratibu ulifanya kazi barabara, mpaka yule mzee aliposema bata. Jioni ile nikitoka kwako, miguu yangu ilisimama yenyewe mbele ya duka la nguo za watoto. Nimenunua soksi za manjano. Ndogo, Daktari, hazitoshi hata kidole gumba changu. Nimezificha katika kabati la masjala, chini ya jalada la "Mengineyo". Kila mtu anapolisogelea kabati hilo, moyo wangu unasimama.

Na sasa Alhamisi hii asubuhi kuna kliniki. Ni ya mapigo ya moyo. Jana mke wangu alisema, huku akikunja nguo, bila kunitazama, "Alhamisi tutakwenda wote?"

Nikasema, "Nitaangalia kazi."

Akasema, "Haya."

Wewe ni msomi wa nafsi za watu; utajua uzito wa "haya" ya namna hiyo. Nilikimbilia kwa Zege nikamwomba anipe kazi ya dharura ya Alhamisi, yoyote, hata kuhesabu viti vibovu. Zege wa zamani angenipa za mwezi mzima. Huyu wako alishusha miwani akasema, "Kazi gani? Nenda na mkeo. Droo ni ya ofisi, mtoto ni wako."

Unaona ulivyoniharibia mahali pa kujificha.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Zege arudishwe katika hali yake ya awali, akiwa mkavu.

(b) Baba yangu aelekezwe aache kuimba, au aimbe wakati sipo kwenye simu.

(c) Tumaini lolote nililotiwa lichukuliwe na wanaohusika. Naweza kulileta ukumbini nikielezwa liko upande gani wa kifua.

(d) Utafiti upigwe marufuku katika ofisi zote zenye wanaume, na zile ambazo wanaume hupita karibu nazo.

(e) Ikiwa hayo ni mazito, basi hili moja tu: uniandikie barua, yenye muhuri, kwamba utafiti unanihitaji Alhamisi asubuhi kwa jambo lisiloahirishika, nimwonyeshe mke wangu. Yeye huheshimu mihuri.

Wafikishie salamu wasaidizi wako wote, na yule anayepanga viti umwambie kwamba viti vya duara havina kona ya kujificha na jambo hilo nimelivumilia kimyakimya.

Wako mtiifu, mwenye hofu,
Karani, Dirisha la Pili.

Tanbihi: Barua hii sikuileta jana kama nilivyokusudia, ilibaki mfukoni, nami naongeza haya nikiwa kliniki. Nilikaa kwenye benchi lilelile. Muuguzi akatoka, akaniuliza, "Baba, habari?" Nikasema naogopa. Akasema, "Wote huogopa. Ingia." Mke wangu alinishika mkono, na vumbi lake lote. Muuguzi alitafuta, akatafuta, nikaanza kujikaza, kisha sauti ikaja, kakaka-kaka, kama karani anayegonga mihuri jioni foleni ikiwa ndefu. Nimelia, Daktari. Nimelia mpaka muuguzi akampa mke wangu kitambaa anipe.

Maombi (a) hadi (e) yafutwe. Leo alasiri nitakuja kwenye duara, nami nitasema mbele yao wote. Kiti cha karibu na mlango apewe mwingine. Na ikiwa wazee wa mbali wanaweza kushiriki kwa simu, ninaye mmoja anayeimba.

Ukitaka kunipata kabla ya hapo, usipige simu ya ofisi, inasikika hadi mapokezi. Njoo dirisha la pili kama mteja, uniulize, "Habari yako, karani?" Nitajibu, "Nzuri." Ni mazoea. Tafadhali usiondoke dirishani.