Likizo Yangu ya Uchina

Jumanne, 28 Januari 2020

Nimeweza! Au nimejimaliza, sijui bado. Kampuni yetu inauza mabomba ya kumwagilia mashamba, na nafasi ya kudumu ya karani ni moja tu: mimi au Mwiti. Usaili ni Jumanne ijayo. Mwiti alifika na picha za mabwawa aliyozuru likizoni, kila picha yeye mbele, bwawa limejificha nyuma ya sikio lake. Meneja wetu, Heather, akaniuliza mimi nilikwenda wapi.

Nilikuwa kitandani, hapa hapa mtaani kwetu Quakers Hill. Nikasema Uchina. Nikasema Dujiangyan, kwenye mifereji ya kale ya umwagiliaji! Nikaeleza Wachina walivyougawa mto Min zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, bila bwawa lolote, kwa vikapu vya mianzi vilivyojazwa mawe. Yote niliyasoma kwenye simu. Heather akashika kifua. Mwiti akauliza kama nilikula nyoka.

Alhamisi, 30 Januari

Korona. Habari zote ni korona. Heather amesogeza kiti chake hadi dirishani. Mwiti amekipulizia dawa kiti changu kama anayeua kunguni, huku akiniita Bwana Beijing. Nikajitetea kwamba Dujiangyan iko mbali sana na Wuhan. Mjinga mimi! Sasa hakuna tena mwenye shaka kwamba nilikwenda.

Nimeambiwa nikae nyumbani wiki mbili. Na usaili? Nikisema ukweli, mimi ni mwongo, nafukuzwa. Nikinyamaza, Mwiti anaichukua kazi bila hata kushindana.

Jumamosi, 1 Februari

Koo linawasha. Je, mtu anaweza kuambukizwa na nchi ambayo hajaikanyaga? Joto langu ni la kawaida, ila kipimajoto chenyewe sikiamini.

Mwiti, tunayesali naye, ametangaza kanisani kwetu kwamba naumwa. Mchana watu wa fellowship, kikundi chetu cha maombi, wakaja kumwona mgonjwa. Wakasimama barabarani, ng'ambo ya ua, wakaimba. Chapati zikanifikia zikining'inia kwenye mpini wa ufagio. Nililia kidogo.

Kisha Anti Chepngetich, kiongozi wetu, ambaye ni nesi, akapaza sauti kuuliza nilirudi lini kutoka Uchina. Nikasema Jumapili iliyopita. Akanikazia macho. Akasema Jumapili hiyo mimi, Muema huyu huyu, nilikuwa nyumbani kwake nikiunguza mbavu za mbuzi.

Wimbo ukakatika. Akasema kuna watu wanakuja hospitalini wakiwa na hofu ya kweli, na mimi nafanya mchezo. Jumatatu asubuhi nimwambie bosi kwamba sikuwa Uchina, la sivyo atampigia simu yeye mwenyewe. Chapati zilizobaki akaondoka nazo.

Jumatatu, 3 Februari

Sikulala. Kwanza nikampigia Mwiti kwa makosa. Nikakata. Nikampata Heather. Nikasema likizo hii sikukanyaga Uchina. Ukweli mtupu!

Akauliza, kwa ile sauti yake ya umeneja, basi nilikuwa wapi.

Kitandani. Neno moja tu! Lakini mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema Dujiangyan ilikuwa mwaka juzi, nilichanganya safari kwa msisimko. Likizo hii nilikuwa Italia. Milano, kutazama mifereji ya kale.

Heather akacheka kwa faraja. Nirudi kazini kesho, usaili uko palepale. Anti Chepngetich naye hana la kusema, nimekiri alichotaka. Hatimaye napumua. Mtu gani mwenye akili timamu ataogopa Italia?