Makangaga ya Ukutani

Jumatatu, 3 Machi
Chumba cha mbele kiko wazi! Mama Mwenye Nyumba anasema atampa mpangaji atakayeupendezesha ua wake. Lazima nikipate. Huku nyuma nani ataleta saa nimtengenezee? Akarudia pia onyo lake: atakayekutwa anaiba maji, afungashe siku hiyohiyo. Nikajifanya nakohoa. Bomba langu la siri limechepuka toka kwenye bomba la Fundi Cherehani. Linavuja kidogo, lakini nimelifunika kwa plasta. Nani ataliona?

Mpinzani wangu ni huyohuyo Fundi Cherehani. Ana kangaga, ule mmea wa majani kama manyoya, kwenye ndoo, anavyoliringia utadhani kalizaa yeye.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi kaenda sokoni, nimekata jani la kangaga lake! Mpangaji wa chumba cha kati, Mwalimu wa Sayansi, kanieleza: kangaga halina ua wala mbegu. Lina vumbi la kahawia mgongoni mwa jani, jepesi, upepo hulipeleka popote. Akaanza habari za unyevu. Nikamwambia inatosha, nina haraka.

Jumapili, 9 Machi
Nimelikung'uta jani juu ya makopo yangu, kwenye jua kali, makangaga yaote upesi. Upepo ukavuma! Vumbi jingine puani, jingine sijui limeenda wapi.

Jumatatu, 14 Aprili
Makopo makavu. Fundi kaniuliza kama nafuga udongo. Wapangaji wote wakacheka. Nimenuna mpaka jioni.

Jumatatu, 26 Mei
Balaa! Yameota ukutani! Mstari mmoja, toka bomba la Fundi, yakapinda dirishani, mpaka kwangu. Kila linapovuja bomba langu, kangaga. Nimeng'oa kwa vidole, kwa kisu. Yameng'ang'ania. Kesho Mama Mwenye Nyumba anakuja kukagua ua.

Jumanne, 27 Mei
Mama Mwenye Nyumba kafurahi! Akauliza nani kapanda. Nikasema mimi, kabla Fundi hajafungua mdomo. Akanipongeza. Halafu akauliza mbona yamejipanga vile. Mwalimu akadakia: vumbi hufika popote, ila pasipo maji halizai kitu.

Mama akaanza kuufuata mstari kwa kidole. Polepole. Kidole kikapinda dirishani. Kikaingia ndani. Kikasimama juu ya kitanda changu, kwenye koki yangu ya siri.

Nimefungasha. Chumba kapewa Fundi.

Jumatano, 28 Mei
Niko kwa dada. Mwalimu na mdomo wake ndio walioniponza. Shemeji kanipa wiki moja, na analalamikia bili ya maji. Maskini, nitamsaidia. Bafu lao limepakana na la jirani, na jirani ana tangi kubwa. Ukuta una unyevu mzuri. Lile jani nimekuja nalo, nimelikung'uta humo kupendezesha.

Nimeshaazima patasi.