Bamvua Hailelewi na Mtu wa Mlimani

Jumatatu, 15 Septemba
Bila mimi, kuanzia Kikambala hadi Malindi hakuna ambaye angejua maji yanapwa saa ngapi. Sijisifu. Programu ya Bamvua, inayotabiri kujaa na kupwa, imo kwenye ghala la mtandaoni ambamo watu huweka programu zao yeyote achukue bure. Juu ya ukurasa pameandikwa: Mtunzaji, Tsuma. Aliyeiandika ni mpwa wangu Nelly, sawa, lakini hesabu ya mwezi, ya kujua maji kwa umri wa mwezi angani, nilimpa mimi. Alipopata kazi Nairobi akaniachia funguo. Hata kibao cha kibanda changu cha kutengeneza simu kinasema Mtunzaji, kwa rangi nyekundu.
Leo nafungua ukurasa, alama ya kijani imegeuka njano. Eti programu haijaguswa miezi kumi na minne. Isiporekebishwa kufikia Jumatatu ijayo itaandikwa yatima, na mwingine ataruhusiwa kuilea. Yatima, na mimi mzima, nakula, nalala.
Mwombaji keshajitokeza. Kiprop, wa hoteli moja Kikambala. Mtu wa mlimani huyo. Maji aliyokulia ni ya mtungini.

Jumanne, 16 Septemba
Nimempigia Nelly. Shikamoo mjomba, marahaba, kisha akanigeuka. Ati nijibu maswali ya watumiaji, yamelala kumi na moja. Nikamwambia mimi ni mtunzaji, si karani.
Nina njia yangu. Nimeongeza mstari mtupu mwishoni, nikahifadhi. Njano. Nikaongeza mitupu arobaini. Njano ile ile. Ghala hili lina roho mbaya.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimesoma swali moja, la Kiprop. Anaandika: mzee wangu, kwa heshima, siku ya tatu ya mwezi programu inakosea dakika ishirini, utatusaidia? Dakika ishirini. Bahari imekuwa treni?
Lakini nikitafuta hizo dakika nimegundua aibu kubwa zaidi. Bamvua hii, siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo, maji yanapwa saa nne asubuhi, programu inasema 10:00. Saa kumi? Mama zetu wanaookota pweza wangeisoma hivyo wangecheka hadi walie. Nikafuata maelekezo aliyoniachia Nelly, nikatoa sita kwenye kila saa. Nikahifadhi.
Kijani. Nimejinunulia soda mbili.

Jumapili, 21 Septemba
Kiprop kanipigia, hana hata salamu. Ubao wa hoteli yao huchukua saa moja kwa moja kutoka Bamvua. Jana ukaandika maji kupwa 16:00. Wageni kumi na wawili wakashuka saa kumi alasiri na viatu vya mpira kutembea mwambani. Mwamba uko wapi? Maji yamefika ukuta wa hoteli. Mama mmoja kabebwa mgongoni. Ukitoa sita, akasema, kupwa kunakuwa kujaa, mzee, hilo hata mbuzi wa huku anajua.
Nikamwambia hao wageni wana macho, walishindwa kutazama bahari? Akauliza: hivi wewe bahari unaiona, au unahadithiwa?
Nimekata simu. Nikaibamiza mezani, nikavunja kioo cha simu ya mteja. Hicho nacho ni juu ya Kiprop.

Jumatatu, 22 Septemba
Nelly mwenyewe, kumbe funguo nyingine anazo, kabonyeza kuikabidhi. Mtunzaji mpya: Kiprop. Damu yangu. Kaniandikia: nisamehe mjomba, kuna mtu angezama. Hakuzama mtu. Kwa nini niadhibiwe kwa maiti ambaye hayupo?
Kiprop kaongeza mstari chini: shukrani kwa Mzee Tsuma kwa hesabu ya mwezi. Unafiki mtupu. Nimeusoma mara tano.

Jumatano, 24 Septemba
Kibao sikifuti. Ghala lina orodha nzima ya mayatima, thelathini na sita, wanalia hawana mlezi. Nimeomba mmoja, wa kutabiri mvua. Hakuna mwingine anayemtaka, kwa hiyo kesho ni wangu. Nimeshamkagua. Saa zake nazo zimezidi sita, zote. Kesho nitazirekebisha.
Na hili lisitoke humu daftarini. Mimi ni mzaliwa wa Marafa, ndani huko bara. Bahari niliiona mara ya kwanza nina miaka kumi na tisa. Nilikimbia. Ile hesabu ya mwezi alinipa muuza pweza, kituoni, tukisubiri gari.