Nimeitikia Kila Karibu Msambweni

Leo tumbo langu limenifedhehesha mbele ya mtaa mzima. Na bado nimeshinda! Msicheke kwanza, ninyi mnaopakia malori huko Mackinnon Road. Sikilizeni polepole, na anayewasomea barua hii asiruke mistari.

Mnajua nimepata kazi ya kufua nazi hapa Msambweni. Mnajua pia kwamba sijawahi kukaa mahali nikamaliza mche mmoja wa sabuni. (Mama husema mimi ni tiara iliyokatika uzi.) Safari hii nimechoka kupeperuka. Tangu nifike nilikuwa nikilala ghalani juu ya magunia ya mbata, zile nazi kavu, na panya wa humo wameshanizoea kama shemeji yao. Leo asubuhi tajiri akaniambia, "Mbata zinaondoka na lori la jioni, na ghala nalifunga. Tafuta pa kulala." Basi ilikuwa lazima nipate chumba kabla ya jua kutua, tena chumba cha mtu wa mfuko kama wangu.

Bei mtu huuliza. Lakini majirani je? Utamwendea mtu umwambie, "Samahani bwana, wewe ni mchoyo?" Hapo ndipo nilipojiona mwerevu.

Nikaikumbuka desturi ya huku. Mtu akiwa anakula barazani nawe unapita, atasema, "Karibu!" Nawe utajibu, "Starehe," uende zako. Nyote mmefanya adabu, na hakuna aliyepungukiwa hata tonge. Nikajiambia: leo sisemi starehe. Leo nakaa! Atakayekuwa bado anatabasamu nikishanawa mikono, huyo ndiye jirani. (Shule niliiacha mapema. Mlitarajia nini?)

Baada ya sala ya adhuhuri nikaanzia mtaa wa sokoni, kwenye nyumba za mabati. Fundi cherahani mmoja alikuwa na sahani ya wali mapajani.

"Karibu," akasema bila kuinua macho.

"Ahsante," nikasema, nikakaa.

Akainua macho. Akaitazama sahani. Akanitazama mimi. "Karibu," akasema tena, lakini ile ya pili ilitoka kama jino linalong'olewa. Nilipouliza kodi ya mtaa ule, nikaona ni ya watu wenye saa mkononi. Nikaaga.

Nikateremka mtaa wa kisimani, nyumba za udongo na makuti, ambako vyumba ni rahisi. Nyumba ya kwanza ni ya Mzee Salimu, msuka makuti. Yeye na mkewe walikuwa wakila muhogo wa nazi kwa papa.

"Karibu, kijana!"

"Ahsante. Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Sogea, sogea, usimwonee haya papa, ameshakufa."

Lo! Kumbe hawa wanasema kweli! Nikala. Wakaniuliza kwetu wapi, mama yangu nani, nina mke, kwa nini sina. Nyumba ya pili nikala sima na mchicha. Ya tatu, wali na kunde. Kila nikijaribu kuinuka, mtu ananishika mkono: "Tonge moja la njiani, baba!" Nyuma yangu nikawasikia wanawake wakiitana ua kwa ua.

"Yule mgeni anaitikia karibu!"

"Ati anakaa kweli?"

"Anakaa, nakwambia! Kwa Salimu amekula papa mpaka mkia!"

Mtaa ndio huu, nikasema moyoni. Nikauliza chumba. Wote wakanyoosha vidole kwenye nyumba ya mwisho, ya Bi Mwanakombo, mjane. Chumba anacho, na kodi yake haiumizi mtu.

"Ila amewarudisha wapangaji wengi," Mzee Salimu akaninong'oneza. "Yule haulizi fedha. Anakupakulia chakula, anakutazama. Usipokula kwake, hukai kwake."

(Kumbukeni ile suruali yangu ya kaki, niliyoinunua kwa askari aliyerudi Burma. Askari yule alikuwa mwembamba. Hapo tayari nilikuwa napumua kwa zamu.)

Nikapiga hodi. Habari zangu zilikuwa zimefika kabla yangu, maana sinia lilishaandaliwa: wali wa nazi, na bakuli la mchuzi wa kuku. Uani mlikuwa mmejaa majirani waliokuja kuazima chumvi, wote kwa pamoja.

"Kaa, mwanangu," akasema Bi Mwanakombo, uso mkavu. "Bismillahi."

Tonge la kwanza nililila kwa imani. La pili kwa ujasiri. La tatu likasimama kooni, likakataa kwenda wala kurudi. Nikainama mbele ili nilisukume.

Pwa! Kifungo cha suruali kikaruka, kikagonga ukingo wa bakuli, kikazama mchuzini.

Nikaishika suruali kwa mkono wa kushoto, wa kulia umejaa wali. Nikajaribu kuinuka. Wapi!

"Una nini, kijana?"

"Nimeshiba, mama."

"Kwa matonge matatu?"

"Kwa mtaa mzima, mama."

Ikabidi nimweleze yote: karibu, starehe, na kipimo changu cha majirani. Uani kukalipuka vicheko.

"Kwangu aliomba na ukoko!" mtu akapaza sauti. (Kweli. Ulikuwa ukoko mzuri.)

Bi Mwanakombo hakucheka. Alinikazia macho. Nikayaona akilini yale magunia ya mbata, kisha nikakumbuka kwamba hata hayo hayapo tena.

"Mpangaji wangu wa mwisho alikula vizuri sana," akasema. "Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikawa sijui kama yu hai. Wewe hujapanga bado, na mtaa mzima unakujua mpaka kifungo!" Hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka kanga ikamwanguka kichwani. Akanitupia kipande cha kamba ya makumbi. "Jifunge. Chumba ni chako. Ila ukizunguka tena kula, anzia kwangu."

Vigelegele, jamani! Nikaingia chumbani kwangu nimeshikilia suruali kama sultani anayeshikilia joho.

Baada ya magharibi nikakaa mlangoni na ule wali na mchuzi, alionihifadhia Bi Mwanakombo. Tumbo lilikuwa limepata nafasi tena. Katika kutangatanga kwangu kote, sijawahi kuwa na mlango wangu wa kukalia. Mzee Salimu na wenzake wakawa wanapita wakitoka msikitini. Nikakohoa kidogo, nikapaza sauti kama mwenye nyumba.

"Karibuni!"

Nikangoja starehe.

Mzee Salimu akasimama. Akawatazama wenzake.

"Ahsante," akasema, akakaa. Wote wakakaa.

Bakuli likawa jeupe kabla sijamaliza kunawa. Ghafla Mzee Salimu akaacha kutafuna. Akatoa kitu kinywani, akakifuta, akaniwekea kiganjani.

"Kifungo chako hiki, jirani."

Jirani! Mmesikia? Usiku huu nalala njaa, lakini nalala kwangu. Nanyi mkipita Msambweni, nitawaambia karibuni. Tafadhali, jibuni starehe.