Nirudishiwe Presha ya Jicho Langu

Kindu, Jumanne asubuhi

Kwa Daktari Emerance, mpasuaji wa macho,

Pokea heshima zote za mtu uliyemtia plastiki jichoni. Ni mimi Onema, mwalimu mstaafu, yule wa jicho la kulia. Nina malalamiko, nayapanga kwa namba ili usipotee.

1. Jicho langu la kushoto lilizimika kwa presha hiyo hiyo wakati wa vita, mji ulipozingirwa na hata kidonge cha kichwa hakikupatikana. Lilizimika kwa adabu: bila maumivu, bila usaha, bila kusumbua mtu. Hili la kulia, ulilolipasua wewe mwenyewe na kuliwekea mrija wa kupunguza presha, limekuwa jekundu kama mawese na usaha unatiririka. Kati ya vita na wewe, nani alinitendea kistaarabu?

2. Uliniagiza niendelee na dawa ya matone, nisisugue jicho, nisiogee mtoni. Presha ikashuka, nikasoma gazeti bila kukodoa, nikajiona mzima, matone nikayaacha. Jicho likaanza kuwasha kama lina mchanga. Nikaliosha kwa maji ya mto, maji yaliyonilea. Lilipokaidi, jirani yetu Francine, anayenyonyesha, alilidondoshea maziwa yake kwa moyo safi. Vijidudu vyako, daktari, havina heshima hata kwa maziwa ya mama!

3. Jana muuguzi wako Henri alinikuta sokoni, akanichungulia, akapaza sauti mbele ya wauza mchele: eti ngozi inayofunika mrija imetoboka, vijidudu vinaingia ndani, nisipowahi hospitali nitapofuka. Watu wakanipisha kama jeneza. Naomba akaripiwe. Tangu hapo mke wangu Aïcha ana wimbo mmoja tu: «Muzee, jicho iko natoka usaha, twende kwa munganga!» Ndoa yangu umeigeuza zahanati.

4. Kwa hiyo nadai utoe mrija wako, uondoke na vijidudu vyake, na unirudishie presha yangu. Presha ile niliirithi kwa marehemu baba, kule kijijini Tunda. Kikao cha ukoo hakikukuruhusu kuipunguza. Hospitali siji. Wewe ndiye uje hapa kwangu, uliombe jicho radhi, nalo likipenda litakusamehe.

Wasalimie wauguzi, wafagiaji na wagonjwa wote wa wodi, isipokuwa Henri.

Ni mimi, mwenye jicho linaloona vizuri kabisa,
Mwalimu Onema

N.B. Aïcha amekuja akasimama mlangoni, akaniuliza kikwembe alichovaa ni cha rangi gani. Nikamwambia atoke kwanza gizani. Nikasikia analia. Alikuwa amesimama juani, daktari. Ameshaita pikipiki, inanguruma hapo nje. Barua hii naja nayo mkononi. Usiisome. Angalia jicho kwanza.